Ichu, nyasi ya milima ya Andes

Ichu ni jina la Kikechua, lugha ya wenyeji wa Andes, la nyasi ngumu zinazoota juu ya milima ya Andes, kuanzia Peru na Bolivia hadi kaskazini mwa Chile na Argentina. Wataalamu wa mimea wana aina moja wanayoiita *Jarava ichu*, ila mchungaji wa huko hana habari na mgawanyo huo. Kwake nyasi zote zinazofanana nayo ni ichu.

Haitambai chini kama ukoka. Huota kwa mashungi, kila shungi peke yake, katikati udongo mtupu. Ukiuacha ukanda wa msitu wa Kilimanjaro au Mlima Kenya utakuta nyasi zenye umbo kama hilo, ingawa si ichu. Jani lake ni jembamba, limejikunja kama sindano, hivyo maji hayalitoki upesi. Bila hivyo lingekufa: ichu huota hata zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, ambako miezi hupita bila mvua, jua la mchana linachoma na usiku maji yanaganda.

Ikikomaa huwa ngumu mno kwa ng'ombe. Llama na alpaka, wanyama wa huko wa jamii ya ngamia, ndio wanaoiweza. Wachungaji wengine huichoma moto ili ichipue majani laini.

Lakini huko juu miti ni ya kutafuta, basi ichu hubeba kazi ambazo sisi tumezigawia makuti, kuni na katani. Inaezekea nyumba, inachanganywa na udongo wa matofali, inawashwa jikoni. Enzi za Wahispania ilichochea hata matanuri ya zebaki ya Huancavelica, nchini Peru.

Na inajenga daraja. Q'eswachaka, katika mkoa wa Cusco nchini Peru, linavuka mto Apurímac kwa karibu mita 28, likishikiliwa na kamba za nyasi tupu. Kila Juni wanavijiji huloweka nyasi, huziponda kwa mawe na kuzisokota. Wanawake hutengeneza kamba nyembamba, wanaume huziunganisha ziwe nene kama paja. Daraja kuukuu hukatwa likaangukia mtoni. UNESCO iliuorodhesha ufundi huu kama urithi wa utamaduni mwaka 2013. Korona ilipozuia ukarabati, daraja lilikatika lenyewe Machi 2021, na kufikia Juni wanavijiji walikuwa wamesokota jingine.