Vibrato inayopotea kwenye noti za juu

Nina mwanafunzi mmoja, soprano (sauti ya juu ya kike), ambaye noti zake za katikati zinatetemeka zenyewe, laini, bila yeye kufanya lolote. Akifika E ya juu sauti inaanza kunyooka. Kwenye F, ile inayoandikwa kwenye mstari wa tano wa muziki, inakuwa kama waya uliovutwa, na mishipa ya shingo inasimama. Juzi akaniuliza tena: "Mwalimu, nifanye nini ili itetemeke?"

Swali lenyewe limekaa vibaya. Vibrato, yaani huo mtetemo wa sauti, ikipotea juu, maana yake kuna kitu mwimbaji ameshaanza kukifanya kinachoizuia, na kazi yetu ni kukitafuta hicho kitu.

Sauti yenye vibrato hupanda na kushuka kidogo kuizunguka noti, mara 5 hadi 7 hivi kwa sekunde. Upana wake mara nyingi ni kati ya robo toni na nusu toni kila upande (nusu toni ni hatua kati ya vibonye viwili vya piano vinavyopakana), ndiyo maana sikio halisikii noti mbili. Linasikia moja, ya katikati. Kasi ikishuka chini ya 5 na upana ukazidi, sauti inayumba. Ikipita 8, tunasikia mbuzi. Mchezo wenyewe uko kwenye koromeo: kuna misuli inayozivuta nyuzi za sauti ziwe ndefu na nyembamba, na kuna mingine inayozifupisha na kuzinenepesha. Pande hizi mbili zikivutana bila hata mmoja kujikaza moja kwa moja, mvutano unachezacheza na noti inacheza nao.

Sasa panda. Kwenye A ya katikati nyuzi hufunguka na kufunga mara 440 kwa sekunde. Oktavu moja juu, mara 880. Kufika huko lazima zikubali kukonda. Anayepanda na uzito wote wa sauti ya kifua, ile nzito ya noti za chini, anazivuta na kuzinenepesha kwa wakati mmoja. Misuli ya kumezea nayo inajiingiza kusaidia (haikuombwa), koromeo linapanda, na hapo hakuna tena kinachoweza kucheza.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni la pumzi, na si kwamba ni chache. Ni nyingi mno. Mtu akiona noti ya juu inakuja anavuta hewa mpaka mabega yanapanda, kisha anaisukuma yote. Nyuzi nyembamba haziwezi kuhimili msukumo huo bila kubanwa, kwa hiyo koo linabana. Dawa yangu ya kwanza ni mrija wa kunywea, ule mwembamba. Uweke mdomoni, ufumbie midomo, toa sauti ya "u" kupitia humo ukipanda na kushuka kama king'ora, polepole. Ukisukuma, mashavu yatavimba na sauti itakatika. Ukitoa hewa ya kiasi, utapita mahali pako pagumu bila kugundua kwamba umepita. Dakika mbili zinatosha. Kisha utoe mrija na uimbe msemo ule ule kwa pumzi ile ile. Hapa wengi hudanganya: mrija ukitoka tu, msukumo unarudi.

Jambo la pili ni irabu. Kila irabu ina miangwi yake, yaani vimo vya sauti ambavyo koo na mdomo huvikuza zaidi. Mwangwi wa kwanza wa "i" uko karibu na hezi 300 (mitikisiko 300 kwa sekunde), wakati ile F ya mwanafunzi wangu iko karibu na 698. Noti imeshaupita mwangwi wa irabu kwa mbali, na yeye bado anaing'ang'ania "i" kali kwa meno yaliyofungwa. Ashushe taya na kuisogeza ile "i" kuelekea "e". Yeye ndani atahisi anaharibu neno. Msikilizaji atasikia "i" safi.

Baada ya hapo tunapanda kwa hatua ndogo, na hapa ndipo uvumilivu unapohitajika. Tafuta noti ya juu kabisa ambayo vibrato yako bado inajitokeza yenyewe. Kwa mwanafunzi wangu ilikuwa D. Ishike, iache itetemeke, kisha ndani ya pumzi hiyo hiyo teleza nusu toni juu na usikilize. Ikiendelea kutetemeka, vizuri. Ikifa, rudi ulikotoka. Usikae juu ukijaribu kuifufua. Siku nyingine utapata nusu toni moja, siku nyingine hutapata kitu, na kesho yake utapoteza hata ile ya jana. Rekodi kwa simu, kwa sababu ukiwa unaimba unasikia mwangwi wa fuvu lako zaidi ya sauti inayotoka.

Kuna zoezi maarufu la metronomu, kifaa cha kupigia mapigo: unaiweka kwenye mapigo 60 kwa dakika, unapandisha na kushusha sauti kwa nusu toni mara nne kila pigo, halafu unaongeza kasi. Hesabu yake iko sawa, kwani ukifika 90 umepata mara 6 kwa sekunde. Mimi nalitumia chini tu, kwa mtu ambaye hajawahi kuhisi mtetemo kooni mwake hata siku moja. Juu silipendi. Mtu akizoea kuitengeneza vibrato kwa mkono, hiyo ya kutengeneza ndiyo atakayobaki nayo.

Nasema hivyo kwa kuwa yamenikuta. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikitikisa tumbo ili noti ndefu zitetemeke, na nilijiona fundi. Siku nilipojisikia kwenye rekodi, nilikuwa kama mtu anayeimba ndani ya gari linalopita kwenye makorongo. Ilinichukua muda mrefu kuiacha kuliko nilivyotumia kuijifunza. Wengine hutikisa taya. Simama mbele ya kioo, weka kidole laini chini ya kidevu: kikiruka na kila mtetemo, hiyo si vibrato.

Mitindo mingine inataka sauti iliyonyooka, na si kosa. Kosa ni kunyooka kwa sababu huna njia nyingine.

Wiki iliyopita vibrato ilitokea kwenye F, nusu pumzi hivi, mwanafunzi akashtuka akaacha kuimba. Tuliirudia mara sita, ikaja mara mbili. F shapu, nusu toni juu yake, bado ni waya.