Madaraka na mamlaka sio pacha

Juzi kijiweni Magomeni jamaa mmoja anamwaga siasa, mara "fulani ana mamlaka", dakika haijaisha "ana madaraka", mtu yule yule jambo lile lile, afu akamalizia kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi eti "hana mamlaka yoyote, yule ni bi mkubwa tu." Nikanyamaza manake kahawa alilipa yeye. Ila imenikaa.

Kifupi. Nguvu ni kumfanya mtu afanye kitu hata kama hataki. Mamlaka ni pale watu wenyewe wanapokubali una haki ya kuwaambia fanyeni. Madaraka ni cheo na majukumu yake. Hayo mawili ya mwanzo Max Weber, yule mwanasosholojia Mjerumani, alishayatenganisha miaka mia iliyopita, wanaanthropolojia, hao wanaochunguza maisha ya jamii za watu, wakayabeba.

Sasa kinachoniudhi ni hili neno madaraka. Mamlaka ni Kiarabu, ukoo mmoja na milki na kumiliki, huko kwao ni ufalme, kwa hiyo halijatupoteza sana. Lakini madaraka umoja wake ni daraka, na leo ukisema daraka watu watadhani umekosea daraja. Kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya 1939 inalo, na maana yake humo ni wajibu, dhamana, kitu ulichojitwisha. Yaani mwenye madaraka alikuwa mtu aliyebebeshwa mzigo! Haya chukua "uchu wa madaraka" uweke maana ya zamani, uchu wa wajibu, nani kashawahi kumuona mtu ana uchu wa wajibu?

Na sio mchezo wa maneno tu. Mwaka 1972 serikali ilileta sera ya Madaraka Mikoani, watumishi wakatawanywa mikoani, afu zile halmashauri za wilaya zilizokuwa na madiwani wa kuchaguliwa zikafutwa, zikaja kurudi 1984. Ukiniuliza mimi jina lilikuwa sahihi kabisa, mikoa ilipewa madaraka kwa maana ya Johnson, mzigo wa kazi, ila mamlaka, ile ya wananchi kumkubali mtu wao awaongoze ndo ilikatwa.

Upande wa pili yupo mtu mwenye mamlaka bila kiti. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, kwenye kitabu chake cha 1940 kuhusu Wanuer, ambao leo wengi wako Sudan Kusini, anamweleza mtu wa ngozi ya chui. Ukiua unakimbilia kwake, yeye ndo anasuluhisha koo mbili mpaka ng'ombe wa fidia wapatikane. Askari hana, kumlazimisha mtu hawezi, na bado watu wanaenda.

Mjumbe wetu je? Nyumba kumi ni urithi wa TANU, na tangu vyama vingi 1992 balozi, ndo huyo huyo mjumbe, ni wa chama, sio wa serikali, mshahara hana. Lakini mpangaji akigombana na mwenye nyumba, au maji machafu ya jirani yakiingia uani kwako, watu wanasema twende kwa mjumbe, na akishaongea wanatoka kimya hata yule aliyekuwa anatukana.

Kwa hiyo kaka yangu wa kahawa, mamlaka mama wa watu anayo, tena ya kutosha. Asichokuwa nacho ni madaraka ya serikali, na mgambo wa kumtuma. Kesho nalipa mimi, tutaelewana vizuri.