CRP ikipanda kwa mgonjwa wa dialisisi: tunayoambiana na ukweli ulivyo

Wagonjwa wengi wa dialisisi wanaondoka kwa moyo kabla hata ya figo yenyewe, na inflamesheni, yaani mwili kuwaka ndani kwa ndani, imo kwenye hiyo hadithi, na CRP ni protini ya damu inayopimwa kuionyesha. Ila tunavyoielewa sasa, mhh.

"Damu si inasafishwa, basi na inflamesheni inatoka." Haitoki jamani. CRP inatengenezwa na ini na ni protini kubwa mno, haipenyi kwenye filta, na hata ingepenya ungekuwa umetoa alama tu chanzo kimebaki palepale. Tena dialisisi yenyewe inaweza kuchochea maana damu inagusana na filta na mipira, na maji yasipochujwa vizuri mabaki ya bakteria yanauchokoza mwili.

"Sina homa wala siumwi popote kwa hiyo niko sawa." Hii ndo inaniuma zaidi, kwa sababu inflamesheni ya mgonjwa wa figo mara nyingi ni ya kimyakimya, CRP inakaa juu miezi na mishipa inaendelea kuharibika huku mtu anajiona mzima. Chanzo kinatafutwa: katheta ya shingoni (mpira wa kupitishia damu ya dialisisi) iliyokaa muda mrefu, fizi zinazotoa damu (meno yanasahaulika sana!), grafti (mshipa bandia wa dialisisi) ya zamani iliyoziba ikaachwa mkononi, figo ya kupandikizwa iliyofeli na bado iko ndani, au maji yamezidi mwilini. Kama bado una katheta na mishipa yako inaruhusu, uliza habari ya fistula (mishipa yako mwenyewe ikiunganishwa kwa upasuaji ili itumike kwa dialisisi) mapema.

Wengine wanafurahia kolestro kuwa chini. Kwa mtu wa dialisisi kolestro ya chini pamoja na albumini (protini ya damu) ya chini inaweza kumaanisha mwili unaliwa na inflamesheni na lishe duni, na hao ndo hatari yao iko juu. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, nayo hivyohivyo, ikipanda usidhani moja kwa moja chuma kimejaa, inflamesheni pia inaipandisha.

"Basi nipewe dawa ya kushusha CRP." Ilishajaribiwa. Utafiti wa AURORA wa mwaka 2009 uliwapa rosuvastatini (aina ya statini, dawa za kushusha kolestro) wagonjwa wa dialisisi, jumla walikuwa 2,776 pamoja na waliopewa dawa bandia, kolestro mbaya ikashuka kwa 43%, CRP nayo ikashuka, lakini mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikupungua kwa maana. Namba ilishuka, moyo haukupona. Ila kama ulikuwa unatumia statini kabla ya kuanza dialisisi usiiache kienyeji, ongea na daktari wako kwanza. Na tafadhali usijinunulie ibuprofeni au diklofenaki eti ni dawa za inflamesheni, zinapandisha presha, zinatoboa tumbo na zinamaliza hata ule mkojo kidogo uliobaki.

Na kipimo kimoja kisikuvunje moyo, CRP inapanda hata ukiwa na mafua, irudiwe ukishapona ndo ionekane inaelekea wapi.