Kabla Hujajaza Fomu ya Sayansi ya Mazingira: Neno kwa Vijana wa Kigoma

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi na vijana hupita maabara kwetu hapa Kigoma na swali lile lile: "Hii Sayansi ya Mazingira, mtoto akiisoma atakuja kuwa nani?" Wengine wameshajijibu. Wanadhani ni kozi ya kupanda miti na kuhimiza watu wasitupe taka ovyo, mahali pa kukimbilia mtu aliyekosa udaktari. Nimepokea wanafunzi wengi wa mafunzo kwa vitendo, na fikra hiyo ndiyo inayowaumiza wanapofika mwaka wa kwanza wakakuta kemia na takwimu zinawasubiri mlangoni.

Naomba nieleze kwa mfano wa chupa moja.

Huku kwetu mawese ni uhai. Chikichi zikishachemshwa na kukamuliwa, mafuta yakaenguliwa, hubaki maji mazito ya rangi ya kahawia yenye harufu ya uchachu. Mara nyingi yanaishia kijitoni. Yeyote akiyatazama atasema ni machafu. Mwanasayansi wa mazingira anatakiwa aseme ni machafu kiasi gani, na yatafanya nini yakifika chini. Kipimo kimojawapo kinaitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watakitumia wakati wakila uchafu uliomo majini. Unajaza sampuli kwenye chupa, unapima oksijeni, unaifunga bila kuacha hata kiputo cha hewa, unaiweka gizani kwenye nyuzi joto 20 kwa siku 5, kisha unapima tena. Kilichopungua ndicho jibu. Giza ni lazima, maana mwani ukipata mwanga utatengeneza oksijeni mpya na hesabu itaharibika. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoachiwa kwenye mito na maziwa yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea jibu la 6. Sampuli alikuwa ameichota mwenyewe, chini kidogo ya mashine ya kukamua mawese, na ukiisogeza puani unakunja uso. Lakini kwenye daftari lake maji yale yalikuwa safi kuliko sheria inavyodai. Nikamwuliza siku ya tano chupa ilisoma ngapi. "Sifuri, mzee."

Basi maji yaliingia na oksijeni 6 tu, bakteria wakaimaliza yote, pengine siku ile ile ya kwanza, wakakaa bila pumzi hadi siku ya tano. Ile 6 ilikuwa kipimo cha oksijeni iliyokuwepo, wala haikusema uchafu ni kiasi gani. Dawa yake ni kuzimua sampuli kwa maji safi kabla ya kuifunga. Tuseme umeizimua mara 100, chupa ikaanza na 8 ikaisha na 3.5. Imepungua 4.5. Zidisha kwa 100 unapata 450, mara 15 ya kiwango kinachoruhusiwa. Majitaka ghafi ya viwanda vikubwa vya mawese duniani hufika hata 25,000, kwa hiyo huko kuzimua mara 100 hakutoshi kabisa.

Hesabu yenyewe ni kutoa na kuzidisha, mtoto wa darasa la tano anaiweza. Shahada inamfundisha mtu kutoliamini jibu lake mpaka ajue limepatikanaje. Fikiria ile 6 ingeingia kwenye ripoti ikapigwa muhuri. Mama anayechota maji chini ya kijito kile angeambiwa kitaalamu kwamba macho na pua yake vinamdanganya.

Kuhusu kuingia chuoni sitachukua muda mrefu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, vyote vina shahada ya sayansi na usimamizi wa mazingira, ya miaka 3. Uhandisi wa mazingira ni kozi nyingine, ya miaka 4, na inadai fizikia na hisabati zaidi. Tahasusi kama PCB (fizikia, kemia na biolojia) na CBG (kemia, biolojia na jiografia) zinakuweka pazuri, ila soma mwongozo wa udahili ambao TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, huutoa kila mwaka, maana vigezo hubadilika na kila chuo kina vyake. Utakutana na kemia ya maji na udongo, ikolojia, ramani za kompyuta, sheria ya mazingira, tathmini ya athari kwa mazingira, na takwimu. Takwimu usizikwepe. Nimeona vijana wenye kipaji wakikwama mwaka wa tatu kwa sababu walikusanya data nzuri wasijue waifanyie nini.

Sasa nirudi ziwani, kwa sababu kijana wa Kigoma ana bahati ambayo wenzake wa mbali wanaisoma kwenye slaidi tu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal kule Urusi. Ukishuka mita 100 hadi 200 na kitu, kutegemea uko kaskazini au kusini, oksijeni inakwisha. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili haina pumzi kwa samaki. Lakini huko chini ndiko kulikolala virutubisho vinavyootesha mwani, unaoliwa na wadudu wadogo wa majini, wanaoliwa na dagaa, wanaoliwa na migebuka. Upepo wa kusini unapovuma, kuanzia karibu na Mei, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapata nafasi ya kupanda na chakula chake. Maji ya juu yakipata joto zaidi yanakuwa mepesi, yanagoma kuchanganyika na ya chini. Mwaka 2003 watafiti walichapisha ushahidi kwamba ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa ziwa hili.

Uvuvi ulipofungwa kwa miezi 3 mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, swali lililosikika mialoni lilikuwa la haki: samaki wamepungua kwa sababu ya nyavu zetu au kwa sababu ya joto? Ndugu zangu, kuligawa swali hilo vipande viwili na kukipa kila kipande uzito wake ni kazi ya kitaalamu. Inataka kumbukumbu za miaka mingi za joto, upepo na mavuno, na mtu anayejua kuzisoma bila kumpendelea mvuvi wala ofisi.

Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi hutoka kwa mvuke, na mvuke hauondoki na uchafu. Udongo unaoporomoka kutoka vilima tulivyolima hadi kileleni hutua juu ya mawe ya pwani, na kwenye mawe hayo wanaishi samaki wadogo ambao aina zao nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Vijiji vilivyo jirani na Gombe vilianza kurudisha uoto kwenye miteremko kupitia mradi wa TACARE tangu 1994. Mpeleke mwanafunzi akasimame kati ya kilima kilichofunikwa na kilichobaki wazi siku ya mvua, aangalie rangi ya maji yanayoshuka kila upande. Hataisahau.

Kwenye ajira nitakuwa mkweli, maana wazazi wanauza mbuzi na mashamba kwa ajili ya ada. Nafasi za serikali ni chache na waombaji ni wengi. Zipo halmashauri, ipo bodi ya maji ya bonde la Ziwa Tanganyika hapa hapa Kigoma, upo utafiti wa uvuvi, zipo hifadhi za Gombe na Mahale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka barabara, migodi na viwanda kufanyiwa tathmini ya athari kabla ya kuanza, na kazi hiyo inahitaji watu. Anayepata haraka kwa kawaida ni yule anayejua kutumia vifaa na kuandika ripoti inayoeleweka. Cheti peke yake hakimfikishi mbali.

Yule mwanafunzi wa chupa alirudia kipimo, safari hii akizimua. Nikamwambia matokeo ayapeleke mwenyewe kwa akina mama wanaokamua mawese. Alianza kwa maneno ya darasani, nikaona wanatazamana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiha chake cha nyumbani kwamba maji haya yanawanyima samaki pumzi. Bibi mmoja akamjibu: "Mwanangu, tumekuelewa. Sasa tuyamwage wapi?"

Hilo halikuwa kwenye daftari. Waliketi wakachora ardhini kwa kijiti: shimo la kwanza la kutuliza maji, mafuta yanayoelea yaenguliwe ya kupikia sabuni, la pili la kuachia tope litue, lote mbali na kijito na kisima. Wiki iliyofuata aliniomba ruhusa ya siku mbili, akaazima jembe.