Mkono haujasahau kuchora

Wengi walioacha kuchora tangu shuleni huamini kipaji chao kimekufa. Wanashika penseli, mstari unayumba, wanaiweka chini: "Kuchora basi tena." Si kweli, na inaniuma kuona watu wakijinyima furaha yao kwa dhana hii.

Ubongo hauhifadhi ujuzi wa mikono kwa njia ile ile unayohifadhi matukio. Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953, alipoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha umbo la nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kila siku Molaison aliona zoezi hilo ni geni kabisa, lakini makosa yake yalizidi kupungua. Mkono ulijifunza kitu ambacho mwenyewe hakukumbuka kukifanya!

Kinachopungua ni wepesi, nao hurudi kwa mazoezi. Kinachovunja moyo hasa ni jicho. Miaka yote hiyo umeendelea kutazama vitenge, milango ya nakshi na sura za watu, kwa hiyo sasa unaziona kasoro ambazo ulipokuwa na miaka 14 hukuziona. Huko ni kukomaa.

Umri nao usikutishe. Mchoraji wa Marekani Anna Mary Robertson Moses alichora utotoni, akamezwa na kazi za shamba, akarudi kwenye brashi akiwa amepita miaka 70. Alichora hadi baada ya kutimiza 100.

Anza na kikombe kilicho mezani, na wiki za mwanzo usimwonyeshe mtu.