Diski za mgongo: ukiona ganzi na mkojo umegoma, nenda leo

Diski ni nini hasa?
Ni kama mto mdogo uliokaa kati ya pingili na pingili. Ziko 23. Nje ina pete ya nyuzi ngumu, tabaka juu ya tabaka. Ndani ina ute mzito ambao sehemu yake kubwa ni maji.

Zina kazi gani?
Hubeba uzito na kuuwezesha mgongo kuinama na kugeuka. Mchana uzito wa mwili huzikamua maji, usiku huyanyonya tena, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Chakula chake hupenya kutoka kwenye pingili jirani, na kutembea huzisaidia. Kwa hiyo kujilaza wiki nzima kitandani si tiba.

Yangu "imeteleza". Nikikanyagwa mgongo itarudi?
Hapana. Diski haitelezi, imeshikamana na pingili za juu na chini yake. Kinachotokea ni pete kuchanika, ute ukasukumwa nje na kuubana mshipa wa fahamu. Mara nyingi hutokea chini kabisa ya kiuno, ndipo maumivu yanaposhuka takoni, pajani, hadi unyayoni. Hakuna kisigino cha mtu kitakachourudisha ute huo, na kinaweza kuusukuma zaidi. Nimeshasema hili mara nyingi na bado watu wanakanyagwa. Acheni, tafadhali.

Basi nitapasuliwa?
Wengi hawapasuliwi. Hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mazoezi na kuendelea kutembea.

Hatari iko wapi?
Ukifa ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo ukigoma au ukitoka bila kujijua, haja kubwa ikikuponyoka, miguu yote miwili ikilegea. Hata dalili moja kati ya hizo inatosha: nenda hospitali leo. Wagonjwa hutuambia, "Nikijipangusa chooni sisikii kitu." Ukiuliza tangu lini, ni siku ya nne, na siku zote hizo alikuwa anachuliwa.

Nikisubiri hadi Jumatatu?
Usisubiri. Hata kesho usisubiri. Mishipa ya kibofu ikibanwa kwa muda mrefu, upasuaji unaweza kufanikiwa na mkojo usirudi kawaida maisha yote.

Lakini maumivu yamepungua!
Na ganzi je? Maumivu yakipungua huku ganzi ikienea, hujapona. Mshipa unazidi kuumia. Nenda leo.

Nikifika niseme nini?
Anza na mkojo na ganzi. Wengi huona haya, wakataja kiuno tu, wakarudishwa nyumbani na vidonge.