Je, wajua kwa nini muvi ikiingia sinema leo, mwezi ujao ushaanza kuikodi nyumbani?

The Fall Guy, ile ya Ryan Gosling na Emily Blunt, iliingia kwenye majumba ya sinema Marekani Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024. Jumanne ya tarehe 21 mwezi huohuo ilikuwa tayari inakodishwa onlaini. Siku 18 tu. Yaani kuna watu walikuwa bado wanabishana kwenye magrupu ya WhatsApp ni wikendi gani waende kuicheki, na muvi yenyewe ishafika kwenye simu zao. Sasa chukua E.T. ya Steven Spielberg, ilitoka Juni 1982 na kanda yake ya video ikaja kuuzwa Oktoba 1988, miaka sita na ushee, na aliyeikosa sinema hakuwa na namna zaidi ya kusubiri irudishwe tena au atafute kopi ya wizi.

E.T. ilipitiliza hata kwa enzi zake, hilo nalo tuliseme. Kawaida miaka ya 80 ilikuwa kama miezi sita, halafu muda ukawa unapungua kidogo kidogo, wakati mwingine kwa sababu muvi moja imejaribu na haijadhurika: Batman ya 1989 ilitoka Juni, Novemba ikawa kwenye kanda tena kwa bei ya chini, dola 24.95, wakati kanda nyingi mpya ziliuzwa kwa maduka ya kukodisha kwa dola 80 au 90 kila moja. Kufika miaka ya 2010 watu wa biashara hii walikuwa wanazungumzia siku 90. Leo ukisema siku 45 kuna studio zinakuona unaomba mengi.

Wengi wakiulizwa nani kasababisha, watakwambia Netflix, wengine watasema korona. Zote zimechangia. Ila ukitaka kuelewa vizuri inabidi ufuate hela, tena sio hela zote, ni zile zinazobaki mezani baada ya wikendi ya tatu.

Iko hivi. Tiketi moja ya sinema Marekani ni kama dola 11 kwa wastani, na kwa kawaida karibu nusu inabaki kwa mwenye jumba na nusu inaenda kwa studio. Muvi mpya ikikodishwa onlaini kwa ile bei ya mwanzo ya dola 19.99, unapewa saa 48 tangu ubonyeze kuanza, na studio inaondoka na kama asilimia 80, maana hapo hakuna jengo wala viti wala wafanyakazi wa kulipwa, kuna apu tu inayokata chake. Haraka haraka unaweza kusema basi onlaini inalipa zaidi. Lakini subiri, piga hesabu ya familia ya watu wanne: wakienda sinema ni dola 44, studio inapata 22, wakikodi na kukaa wote kwenye kochi moja studio inapata 16. Kwa hiyo studio ikiweza kuipeleka hiyo familia sinema inapata zaidi! Mbona sasa wanakimbilia kukodisha?

Kwa sababu kufikia wiki ya nne hiyo familia haiji tena. Hapa ndo kiini cha habari yote. Muvi kubwa kuporomoka kwa nusu kwenye wikendi ya pili ni jambo la kawaida kabisa, za kutisha huwa zinaporomoka hata zaidi, na baada ya wikendi tatu sehemu kubwa ya hela ya sinema ishaingia. Aliyekuwa na hamu kaenda, aliyebaki ni yule mwenye watoto wadogo, mwenye zamu za usiku, anayekaa mbali na jumba la sinema au aliyeichukulia poa tu. Huyo ukimsubirisha miezi mitatu hatakuja sinema, atasahau. Ukimpelekea muvi nyumbani wakati bado inazungumzwa atatoa dola 20 bila kulalamika sana. Na hiyo 16 ya studio ni hela ambayo kwa mfumo wa zamani isingekuwepo, au ingekuja baadaye sana ikiwa ndogo.

Halafu kuna matangazo, hili watu hawalifikirii. Kuitangaza muvi kubwa duniani kunakula mamilioni ya dola kwa makumi, wakati mwingine inakaribia bajeti ya kuitengeneza. Zamani studio ilitangaza mara mbili, mara ya kwanza inaingia sinema, na miezi minne au mitano baadaye inatoka kwenye kanda au DVD na watu washaisahau kwa hiyo unaanza upya, mabango, tangazo la TV, kila kitu. Pengo kati ya sinema na kukodisha likiwa la wiki tatu, kelele zilezile za mwanzo zinauza tiketi na zinauza kukodisha.

Sasa kama hesabu ni nzuri hivi, kwa nini hawakufanya mapema? Walijaribu. 2011 studio ya Universal walitaka kuikodisha Tower Heist, ya Ben Stiller na Eddie Murphy, wiki tatu tu baada ya kuingia sinema, kwa dola 59.99, tena kwenye miji miwili tu, Atlanta na Portland. Bei ya kuchekesha, miji miwili, ni majaribio tu. Cinemark, moja ya kampuni kubwa za majumba ya sinema Marekani, wakasema mkifanya hivyo muvi yenu hatuionyeshi. Universal wakarudi nyuma hata kabla haijaanza. 2015 ikawa zamu ya Netflix na Beasts of No Nation, ile ya Idris Elba iliyopigwa Ghana: kwa sababu iliwekwa onlaini siku ileile ya kuingia sinema, kampuni kubwa za majumba ya sinema zote zikaigomea.

Kwa hiyo Marekani ule muda wa siku 90 haukuwa sheria. Ulishikiliwa na kitisho kimoja tu, ukitucheza hatukuonyeshi. Ufaransa ni tofauti, kule kuna utaratibu rasmi wenye nguvu ya kisheria unaopanga nani aonyeshe lini: kukodisha onlaini kwa kawaida ni baada ya miezi minne, na Netflix walikuwa wanasubiri miezi 36 mpaka 2022 walipopunguziwa ikawa 15. Ndo maana Netflix na tamasha la Cannes waligombana, maana Cannes walisema muvi ya kushindania tuzo lazima iingie sinema za Ufaransa, na ikiingia tu ile saa ya miezi 36 inaanza kuhesabu. 2018 Netflix wakaamua kutopeleka kitu.

Basi, kitisho cha kugoma kina nguvu kama majumba yako wazi. Machi 2020 yakafungwa. Universal walikuwa na katuni ya Trolls World Tour mkononi, matangazo yashalipiwa, wakaiachia onlaini tarehe 10 Aprili kwa dola 19.99. Kwa mujibu wa gazeti la Wall Street Journal, ndani ya wiki tatu ikaingiza karibu dola milioni 100 Marekani. Ile Trolls ya kwanza ya 2016 iliingiza kama milioni 153 kwenye sinema za hukohuko kwa miezi kadhaa. Weka zile asilimia sasa: nusu ya 153 ni kama 76, na asilimia 80 ya karibu 100 inaangukia palepale. Hela ileile, kwa wiki tatu, watoto wakiwa wamefungiwa ndani na wazazi wamechoka. Sio mazingira ya kawaida hata kidogo, lakini kwa studio ilitosha.

Adam Aron, bosi wa AMC ambayo ndo kampuni kubwa kuliko zote duniani ya majumba ya sinema, akawaka. Akatangaza AMC haitaonyesha tena muvi yoyote ya Universal. Ila unamtishia nani na milango yako ina kufuli? Julai mwaka huohuo wakasaini dili, na dili lenyewe ndo linaeleza mambo mengi unayoyaona leo: sinema inabaki na muvi peke yake kwa siku 17, baada ya hapo Universal wakitaka wanaikodisha, na AMC nao wanapata kipande kwenye hela ya kukodisha.

Siku 17 sio namba ya kuokota. Hesabu kuanzia Ijumaa: siku ya 1 Ijumaa, siku ya 3 Jumapili, ya 8 Ijumaa, ya 10 Jumapili, ya 15 Ijumaa, ya 17 Jumapili. Wikendi tatu kamili basi. Novemba 2020 Universal wakafanya dili kama hilo na Cinemark, likawa na nyongeza: muvi ikifungua, yaani wikendi ya kwanza, na dola milioni 50 au zaidi Marekani, muda unakuwa siku 31, ambazo ukihesabu vilevile ni wikendi tano. The Fall Guy ilifungua na chini ya milioni 30. Wikendi ya tatu iliisha Jumapili tarehe 19, Jumanne ikatua onlaini, maana Jumanne ndo siku waliyoizoea ya kuachia vitu vya nyumbani tangu enzi za kanda na DVD. Wicked, ya studio hiyohiyo, ilifungua na zaidi ya milioni 110 mwezi Novemba 2024, na ikakaa siku 39. Kwa hiyo ukiona muvi imewahi sana kuja kukodishwa, mara nyingi maana yake ni kwamba imebuma sinema, au angalau haijafanya walichotegemea. Sio kila mara, ila mimi huwa nacheki hiyo kabla hata ya kusoma maoni ya watu.

Studio ya Warner Bros. wenyewe walienda mbali zaidi, Desemba 2020 wakatangaza muvi zao zote 17 za 2021 zitaingia HBO Max, huduma yao ya kutazama onlaini kwa malipo ya mwezi, siku ileile ya sinema, bila hata ya malipo ya ziada kwa aliyejiunga. Hiyo ilikuwa kujichoma. Waongozaji walikasirika, Christopher Nolan akaondoka na Oppenheimer yake akaipeleka Universal, haohao wa siku 17, kwa masharti kwamba yake isiguswe kwa zaidi ya siku 100. Disney nao waliiweka muvi ya Black Widow onlaini kwa dola 29.99 siku ileile ya sinema Julai 2021, nyota wake Scarlett Johansson akawapeleka mahakamani kwa sababu bonasi yake ilihesabiwa kwenye mauzo ya sinema, wakamalizana miezi miwili baadaye. Tangu hapo siku ileile imekuwa nadra kwa muvi kubwa, hata Warner waliachana nayo 2022. Kilichobaki ni hilo pengo fupi.

Wenye majumba hawajakubali moja kwa moja. 2025 kwenye mkutano wao wa CinemaCon, Las Vegas, bosi wa chama chao Michael O'Leary aliomba angalau siku 45 kwa kila muvi. Hoja yao ni kwamba hata kama kila muvi moja moja haidhuriki, mtazamaji anafundishwa kusubiri. 2019 sinema za Marekani na Kanada ziliingiza zaidi ya dola bilioni 11, 2024 zikaingiza kama 8.7. Migomo ya waandishi na waigizaji ya 2023 nayo ilipunguza muvi kwa hiyo usibebeshe pengo mzigo wote, lakini nawaelewa. Hela yao ya kweli iko kwenye bisi na soda, wanahitaji mtu aingie mlangoni, na asilimia ya kukodisha haiwauzii bisi. Kwa maoni yangu wanaoumia zaidi ni muvi za kati, vichekesho na tamthilia za watu wazima, zile zilizokuwa zinakua taratibu kwa kusifiwa mdomo kwa mdomo. Ukiipa wikendi tatu haijapata hata nafasi ya kusifiwa. Muvi kubwa yenyewe haina shida.

Uharamia nao upo kwenye mizani. Siku muvi inapoanza kukodishwa, kopi safi inavuja siku hiyohiyo, sio ile ya kurekodiwa kwa simu yenye vichwa vya watu mbele. Studio zinalijua hilo na bado zinaona afadhali.

Kitu kimoja watu wanachanganya: kukodisha sio sawa na kuja kwenye kifurushi cha mwezi, yaani ile huduma unayolipia kila mwezi na kutazama chochote kilichomo. Inaanza bei ya juu, dola 19.99 au 24.99, wiki kadhaa baadaye inashuka hadi kwenye 5.99, halafu ndo inaingia Netflix au Peacock (huduma ya wenye Universal) au popote studio ilipoiuza. India Aamir Khan aliikata kabisa hiyo hatua ya mwisho kwa Sitaare Zameen Par, iliingia sinema tarehe 20 Juni 2025, tarehe 1 Agosti akaiweka YouTube kwa rupia 100 kila anayetaka kuiona, bila ya kuiuzia kampuni za vifurushi. Oppenheimer yenyewe ilifuata ngazi zote kwa mwendo wa zamani: sinema tarehe 21 Julai 2023, kukodisha tarehe 21 Novemba, na waliosubiri kifurushi wakaipata Peacock tarehe 16 Februari 2024.